Diski Haiugui kwa Ratiba

Nikimkumbuka Opareta, hasira ndiyo hutangulia. Kicheko huja baadaye, kwa haya, kama mtu aliyechelewa kanisani akatafuta benchi la nyuma. Nimejaribu kukitanguliza kicheko, nikashindwa. Basi tuanze na hasira, maana ndiyo nyingi.

Tulimwita Opareta kwa sababu kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa simu ya Voi. Miaka ya sitini, ukitaka kuzungumza na mtu wa Mombasa ulizungusha mkono wa simu, ukangoja, ukasikia sauti kavu ikisema, "Namba?" Hakusema halo wala hakuuliza habari za nyumbani. Nilipoajiriwa kuwa mtunza stoo wa hospitali ya misheni, niligombana na sauti hiyo miaka miwili kabla sijamwona mwenyewe. Siku nilipomwona nilishangaa. Kwa ukali ule nilitegemea jitu. Nikakuta mtu mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingo, kalamu tatu mfukoni, na zote tatu zinaandika. Hilo la kalamu nilihakikisha.

Mimi ni mtu wa stoo. Kila kitu nakihesabu mara mbili: mara ya kwanza nijue ni ngapi, mara ya pili nijue nani ameiba. Kwa hiyo mtu kama Opareta alikuwa mwiba kwangu tangu mwanzo, maana yeye alihesabu mara moja tu na hakurudia. Uliposema namba ya simu naye akaiandika, ukisema "samahani, nimekosea," alikujibu, "Umeshaunganishwa." Na kweli ulikuwa umeshaunganishwa, na mtu usiyemjua yuko kwenye laini anauliza unataka nini.

Sokoni ndiko alikoniudhi zaidi. Opareta hakujua kubishana bei. Au alijua akakataa, jambo ambalo ni baya kuliko kutojua. Akina mama walioteremsha nyanya na kabeji kutoka Wundanyi walimwona kwa mbali wakapandisha bei kabla hajafika.

"Fungu ni ngapi?"

"Shilingi mbili, baba."

Anatoa shilingi mbili. Mimi niko nyuma yake na kikapu changu, nasema shilingi moja, na mama ananitazama kama niliyemtukana. "Kwani huyu mzee wa watu hukumwona? Amelipa bila kelele."

Nilimfuata hadi penye vitunguu. "Opareta, unatuharibia soko."

"Amesema namba. Namba ni hiyo."

"Namba ya sokoni ni ya kuanzia!"

"Basi angesema ya kumalizia."

Mtu wa namna hiyo utamfanya nini? Hata kumhonga nilijaribu. Nilitaka kujua hospitali nyingine ilikuwa ikiuziwa bandeji bei gani na yule yule mfanyabiashara aliyekuwa akituuzia sisi, na nilijua mazungumzo yao yalipita mikononi mwa Opareta. Nikampelekea kuku, jogoo mzima, mwenye afya. Alimpokea kwa heshima, akauliza bei yake, na mimi kwa mazoea ya ulimi nikaitaja. Akanilipa. Kisha akasema, "Kuhusu bandeji, laini ilikuwa mbaya, sikusikia."

Hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila mdadisi. Voi nzima ilipita masikioni mwake: nani anadaiwa, nani ameoa tena Mwatate, mwalimu gani anaomba uhamisho na kwa sababu ipi. Walimfuata mpaka kwenye ngazi za kanisa. "Laini ilikuwa mbaya." Alikuwa mzee wa kanisa, na nadhani alikula kiapo na Mungu juu ya jambo hilo, ingawa mbele ya mashine iliyokataa kufanya kazi alitukana kwa Kidawida, lugha ya Wataita, maneno ambayo hayawezi kuandikwa hapa. Siri za watu alizimeza zote. Kitu kimoja tu hakuwahi kukimeza, nacho ni dharau aliyofanyiwa yeye. Hiyo ilimkaa kooni.

Lipo jambo moja la siku zake za simu ambalo lazima nilieleze, kwa sababu bila hilo huwezi kuelewa ya diski. Upande wa kuelekea Taveta kulikuwa na waya mmoja uliohudumia nyumba nne za mashamba. Waya mmoja, simu nne. Kila nyumba ilikuwa na mlio wake: hii mlio mrefu mmoja, ile mifupi miwili, ile nyingine mrefu na mfupi, na ya mwisho mifupi mitatu. Simu zote nne zililia pamoja, lakini kila mtu aliujua mlio wake na kuinua simu kwa huo tu. Siku moja fundi mgeni akaja kurekebisha, akazipa nyumba mbili mlio mmoja. Basi simu ikilia, hawa wanainua, wale wanainua, kila mmoja anasikia mwenzake akipumua, anadhani si yake, anaweka chini. Mpigaji anabaki anaita hewa. Wakalalamika kwamba simu ni mbovu. Fundi akaja akabadilisha simu. Wakalalamika tena. Akabadilisha ya pili. Zote zilikuwa nzima.

Opareta ndiye aliyekwenda siku yake ya mapumziko, akaketi kwenye veranda ya nyumba moja na saa yake na daftari, akasikiliza milio asubuhi nzima. Aliporudi alisema, "Hakuna simu mbovu. Kuna kengele moja imepewa watu wawili." Hakupewa hata asante. Aliniambia kisa hicho mara moja tu, na sauti yake bado ilikuwa na uchungu wa miaka kumi.

Alipostaafu mambo ya simu, hospitali yetu ikamchukua akae kwenye switchi yetu ndogo ya kuunganisha simu. Katikati ya miaka ya themanini wafadhili wakatuletea kompyuta. Ilikuwa sanduku moja kubwa lenye diski ndani, na skrini mbili zilizounganishwa nalo kwa waya, moja ya ofisi na moja ya kliniki ya kifua kikuu. Iliwekwa chumba cha switchi kwa sababu ndicho chumba pekee kilichokuwa na kufuli la maana. Hivyo ndivyo Opareta alivyokuwa mtu wa kompyuta, kwa sababu ya kufuli. Wengine waliogopa kuigusa. Yeye alikichukua kile kitabu chake kinene cha Kiingereza, akaweka rula chini ya mstari wa kwanza, akasoma. Baada ya miezi minne rula ilikuwa imefika mwisho.

Ndani ya mashine, aliniambia, kuna programu moja ya ndani kabisa inayotawala nyingine zote. Yeye aliiita kokwa. "Kama kokwa ya embe, Mama Stoo. Hayo mengine unayoyaona ni nyama tu."

Kazi ya kwanza ya mashine hiyo ilikuwa wagonjwa wa kifua kikuu. Siku zile matibabu yalikuwa mwaka mmoja na nusu, sindano kisha vidonge, na mtu akishaona kikohozi kimepoa anaacha. Kwa hiyo kila mgonjwa alikuwa na kadi: jina, kijiji, chifu wake, mwezi wa ngapi wa dawa, nani anaishi naye. Asiyekuja, anaandikiwa chifu barua au anafuatwa kwa baiskeli. Kadi zilikuwa mia sita na saba. Nilizihesabu mara mbili. Opareta na Sista wa kliniki waliziingiza kwenye diski moja baada ya nyingine, yeye akipiga herufi kwa kidole kimoja bila kukosea. Na ilifanya kazi, nisiwe mnafiki. Kila mwisho wa mwezi mashine ilichapa orodha ya waliokosa, ikatoka safi, imepangwa kwa vijiji, Sagalla huku, Mata kule.

Ndipo Msimamizi wa hospitali, bwana aliyependa meza tupu, akasema kadi zinajaza kabati bure. "Hatuwezi kuwa na mambo mawili. Zichomwe."

Mimi nikazipeleka stoo. Karatasi ngumu, safi upande mmoja, mia sita na saba. Kuzichoma? Mtu aliyelelewa na mama yangu hachomi karatasi nzuri. Niliziuza kwa kilo kwa wauza njugu wa stesheni na wa sokoni, wakazikunja kuwa vikopo vya njugu. Kwenye daftari la stoo nikaandika: zimechomwa. Nimeliandika hapa waziwazi kwa sababu kila kitu kinachofuata kimesimama juu yake.

Baada ya hapo Msimamizi alitaka skrini ya tatu, ya famasia. Kutoka Mombasa akaja Mtaalamu, kijana wa tai na mkoba mgumu. Aliingiza bodi ndogo ya kuunganishia skrini ndani ya sanduku, akabadilisha mipangilio ya kokwa ili iitambue bodi hiyo, akanywa soda, akawahi basi la alasiri. Skrini ya famasia ikawaka. Tukapiga makofi.

Wiki ile ile diski ikaanza kuugua. Skrini zote zinaganda, kisha yanatokea maandishi ya Kiingereza kwamba diski imeitwa na kengele yake haikusikika. Ukizima na kuwasha, inarudi. Baada ya saa moja, tena. Mtaalamu akaja, akabadilisha waya. Tena. Akaja, akasema ni umeme wa Voi. Tena. Akaja mara ya tatu akasema kuna mtu anachezea mashine, akimtazama Opareta, na Msimamizi akatoa amri: Opareta asiguse swichi wala disketi za kunakilia. Funguo zikaenda kwa Msimamizi. Nakala zikawa zinafanywa na karani wa ofisi saa nne asubuhi, juu ya zile zile za zamani, na kila siku zilikwama katikati.

Opareta aliyekatazwa kugusa akafanya kile anachokijua. Alikaa na saa na daftari. Jumatano moja akaja kwenye dirisha la stoo.

"Mama Stoo, Jumatano alasiri famasia huwa mnafanya nini?"

"Tunafunga tunahesabu dawa."

"Na ile skrini?"

"Imezimwa. Nihesabu dawa huku mtu anabonyezabonyeza?"

"Na Jumapili famasia imefungwa."

"Imefungwa. Kwani vipi?"

Akaniwekea daftari mbele. Makosa thelathini na manane katika wiki tatu, kila moja na saa yake. Hakuna hata moja la Jumapili. Hakuna hata moja la Jumatano alasiri. Mengi yalikuwa kati ya saa tatu na saa sita, dada wa famasia anapoandikisha dawa za wagonjwa wa nje.

"Diski haiugui kwa ratiba," alisema. "Sikiliza. Diski ikimaliza kazi iliyotumwa, inapiga kengele. Kokwa ikisikia kengele hiyo inakuja kuchukua. Kila kifaa kina kengele yake yenye namba. Ya diski ni kumi na nne. Yule kijana ameipa bodi ya famasia kumi na nne pia. Nimeona kwenye karatasi aliyoisahau. Dada akibonyeza, kokwa inakwenda famasia, na diski inabaki inaita hewa."

"Kwa hiyo diski ni nzima?"

"Nzima kama wewe. Famasia ikizimwa, ukiwasha mashine kwa kokwa ya zamani, ambayo bado imo ndani kwa jina lingine, unanakili majina yote kwa saa mbili. Hata sasa hivi ingewezekana."

"Basi mwambie Msimamizi!"

"Nitamwambia Ijumaa. Kuna mkutano."

Niliona ni busara. Ijumaa si mbali. Hizo siku mbili nimezihesabu mara nyingi tangu hapo, na kila mara ni mbili.

Ijumaa tuliketi chumba cha switchi watu wanne: Msimamizi, Mtaalamu, Opareta, na mimi niliyeitwa kwa sababu vifaa vyote vilipitia stoo. Mtaalamu akasema diski imekufa sehemu sehemu, itabidi aipange upya tangu mwanzo. Kuipanga upya maana yake ni kuifuta yote.

Opareta akafungua daftari. "Diski haiugui kwa ratiba," alianza. "Nimeandika saa za makosa yote..."

Mtaalamu akacheka. Hakuwa hata na ubaya, alicheka tu kama mtu anayemcheka mtoto. "Mzee, hii si simu ya kuzungusha mkono."

"Mzee wetu wa simu," Msimamizi akasema, naye akitabasamu, "tuwaachie wataalamu." Kisha akamgeukia Mtaalamu. "Na majina ya wagonjwa?"

"Kumbukumbu za karatasi hamna?"

"Zilichomwa. Si ndiyo, Mama Stoo?"

Watu watatu walinitazama. Siku hiyo, pale stesheni, umbali wa dakika ishirini kwa miguu, nyingi ya kadi hizo bado zilikuwa zimefungwa mafungu mafungu chini ya meza za njugu. Sikufikiria wagonjwa. Nilifikiria kazi yangu. Nikaitikia kwa kichwa.

Opareta akanitazama. Halafu akafunga daftari, akaliweka juu ya magoti.

"Basi wataandikishwa upya wakija," Msimamizi akasema. "Mgonjwa anajijua."

Mgonjwa anajijua! Sentensi hiyo ningemlisha kwa kijiko. Mtaalamu akafuta diski, akairudishia programu na namba zake zile zile. Ilichukua saa mbili, muda ule ule ambao ungetosha kunakili kila kitu. Opareta alikaa pale pale muda wote akitazama namba zikipanda kwenye skrini, mikono juu ya daftari.

Jumatatu, saa tatu na nusu, dada wa famasia akabonyeza. Skrini zikaganda. Diski, kengele, maandishi yale yale.

Msimamizi alifoka mpaka wagonjwa wa nje wakasimama. Mtaalamu alikuwa Mombasa. Ndipo Opareta akainuka, akaomba ufunguo na bisibisi. Alifungua sanduku, akahamisha kijipini kimoja kwenye ile bodi, akafunga. Akakaa kwenye kibodi, akaingia kwenye mipangilio, akafuta kumi na nne kwenye mstari wa famasia, akaweka namba nyingine. Akaijenga kokwa upya, akawasha mashine. Dakika ishirini. Dada wa famasia akabonyeza, akabonyeza tena kwa nguvu zote za mikono yake miwili. Hakuna kilichoganda. Kosa lile halikurudi tena mpaka ile mashine inazeeka.

Msimamizi alimpigia makofi, akamwita hazina ya hospitali. Wote wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Alikuwa ametengeneza diski tupu.

Kuanzia hapo sikumsalimu vizuri. Niliamini najua kilichotokea: yule kijana alimcheka, akanuna, akawaacha wafute majina mia sita ili Jumatatu awaaibishe. Kiburi cha mtu anayesema jambo mara moja. Nilimwambia hivyo pia, kwenye veranda, mbele za watu. Alinijibu, "Laini ilikuwa mbaya," nikatamani kumpiga kwa mizani.

Mimi nilizunguka kwa wauza njugu nikazinunua kadi zilizobaki. Wiki tatu zilikuwa zimepita kabla sijapata ujasiri huo. Nilipata arobaini na nne, nyingine zina mafuta, nikampa Sista nikasema zilianguka nyuma ya kabati. Waliokuja wenyewe waliandikishwa upya. Wasiokuja, nani angewatafuta, na wapi?

Kulikuwa na mama mmoja wa Mata. Alikuja kila mwezi na treni ya Taveta, na kila mara aliniletea ndizi za kuuza, tukagombana bei mpaka tukacheka. Alikuwa mwezi wa saba wa dawa. Akakosa mwezi mmoja, miwili. Zamani jina lake lingetoka kwenye orodha, barua ingekwenda kwa chifu. Jina halikuwepo, barua haikuandikwa, na mimi ambaye nilimjua kwa sura nilidhani anauzia ndizi kwingine. Alirudi baada ya miezi mingi, amebebwa na kaka yake. Alikaa wodini siku tisa. Shuka la kumfunikia nilitoa mimi stoo. Lilikuwa moja, na hilo sikulihesabu mara ya pili.

Opareta alikuwa amestaafu kabisa na kurudi kwao Sagalla. Wiki iliyofuata mazishi nilipanda kwa miguu kwenda kumwona. Nilimkuta nyuma ya nyumba anapukuchua mbaazi kwenye ungo, shati limefungwa mpaka shingoni.

"Karibu, Mama Stoo. Umekuja kwa miguu?"

"Nimekuja kwa hasira."

"Hiyo huenda mbio kuliko basi. Kaa."

Sikukaa. Nikamweleza habari za mama wa Mata, zote, tangu ndizi mpaka shuka. Aliacha kupukuchua. Nikamwuliza kile nilichokuja kukiuliza: "Ijumaa ile ulijua kila kitu. Kwa nini hukusema?"

"Nilisema."

"Ulisema maneno matatu ukafunga mdomo! Kwa sababu kijana alikucheka!"

"Hilo pia," alisema. "Sikatai. Lilinichoma." Akaweka ungo chini. "Lakini ningeendelea kwa sababu ya majina. Nilikuwa nafungua ukurasa wa pili. Ndipo akakuuliza kadi."

Nikakaa.

"Wiki mbili kabla ya hapo nilinunua njugu stesheni," Opareta akasema. "Nikaona mwandiko wa Sista kwenye karatasi. Ukaulizwa zilichomwa, ukaitikia. Nikaona nikibishana kuhusu majina, wataanza kutafuta majina kila mahali, na swali la kadi litarudi, na wewe una watoto shuleni. Kusema mambo ya watu sijazoea. Nikafunga daftari."

Unajua, nilitegemea kusikia aibu yake. Ilikuwa yangu. Na badala ya kuinamisha kichwa nilipaza sauti mpaka jirani akachungulia.

"Nani alikuomba unifichie? Nilikuomba mimi? Ungesema! Ningefukuzwa, ningeuza njugu mwenyewe, nini basi! Mama yule angekuwa hai!"

"Na wewe ungesema," alijibu, naye sasa amepandisha sauti, mara yangu ya kwanza kuisikia ikipanda. "Ulijua ya diski tangu Jumatano, nilikueleza mwenyewe! Ulijua ya kadi peke yako! Ulikuwa na mdomo, Mama Stoo, soko zima linaujua!"

Tulitazamana hivyo. Jirani akaondoka. Hakuna aliyeshinda, na hilo lilizidi kunikasirisha, maana nilizoea mmoja ashinde.

Aliuliza, kwa sauti ya chini, "Watoto wake walipimwa?"

"Watoto gani?"

"Kadi yake niliiingiza mimi kwenye diski. Watoto watatu, wanalala chumba kimoja na mama. Mdogo alikuwa hajaanza shule."

Nikasema sijui.

"Nani anajua?"

Nikafikiria Sista, nikafikiria kliniki, nikamfikiria yule kaka aliyembeba. Hakuna aliyewauliza watoto. Hawakuwa kwenye orodha yoyote.

Opareta akainuka akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa viatu vyake vya kanisani na kuchukua mkoba.

"Viatu vya nini?"

"Mata si hapa. Tukishuka sasa tutawahi treni."

"Wewe utakwenda kuwaambia nini watu wa msiba? Mtu mwenyewe husemi!"

"Kwa hiyo unakuja," alisema, akafunga mlango.

Nilikuwa nimepanda Sagalla kugombana na mtu, sasa ilinibidi nishuke naye. Tulibishana njia nzima: nani atazungumza na yule kaka, nani ataeleza ya diski, nani ya kadi. Nilisema ya kadi nitaeleza mimi. Akasema vizuri. Nikamwambia asiniambie vizuri. Tulipofika stesheni tulikuwa bado tunagombana, na karani wa tiketi akatuuliza kama ni mke na mume.

"Mbili za Mata," Opareta akamwambia. "Na kurudi, tano."

Nikahesabu: sisi wawili, watoto watatu. Nilihesabu mara moja tu, nikatoa pesa.